Nilifunga Dirisha la Mama Mkwe

Wasomaji wangu, niliwaacha nimepiga magoti kwenye kitanda cha mama mkwe, kichwa cha ufunguo kikiwa mkononi mwangu na mwili wake umebaki ndani ya kitasa cha dirisha.

Kwa aliyejiunga nasi leo, nimweleze kwa ufupi asipotee. Mimi ni fundi cherehani, nashona sare za shule sebuleni kwangu. Mume wangu anaandika vibao: majina ya maduka, mabango ya kliniki, “Usitupe taka hapa”, kila kitu. Nyumba yetu ya kwanza iliungua, tukahamia hii. Mama yake akavunjika mguu, akaja kukaa nasi, tukampa chumba cha upande wa uchochoroni.

Ng’ambo ya uchochoro, hatua tatu tu kutoka dirisha la chumba hicho, kuna meza ya mwanamke anayetengeneza saa. Watu wote wanamwita Dada Saa.

Kila asubuhi mume wangu alikuwa anakwenda “kumjulia hali mama”. Hali ya mama inajuliwa kwa dakika mbili. Yeye alikaa nusu saa ukingoni mwa kitanda, kichwa nje ya dirisha, akinong’ona na yule mwanamke na kupokea bahasha zake. Na asubuhi ile, nikiwa nimejibanza nyuma ya mlango na pini mdomoni, nilimsikia kwa masikio yangu haya akimwambia: “Dada, wewe ndiye macho yangu.”

Miaka kumi na moja ya ndoa. Nimeitwa mke wangu, nimeitwa fundi, nimeitwa hata “wewe”. Macho yake hajaniita.

Alipoondoka na ndoo zake za rangi, nikaingia, nikavuta dirisha, nikachukua ule ufunguo mdogo wa shaba uliokuwa ukining’inia kwenye msumari tangu tuhamie. Nikazungusha. Ukagoma. Nikaongeza nguvu.

Tak!

“Umefanya nini?” mama mkwe akauliza.

“Nimefunga dirisha, mama. Vumbi.”

“Vumbi gani? Jana imenyesha mpaka vyura wameomba po.”

“Basi mbu.”

“Mbu saa mbili asubuhi? Hao mbu wana zamu?”

Nilitia kichwa cha ufunguo kifuani, nikarudi kwenye cherehani. Nikashona mfuko wa kaptula juu chini. Nikaufumua. Nikaushona tena juu chini.

Mpango nilikuwa nao, sikatai. Mume akirudi ningemwambia ufunguo umepotea. Akimtaka Dada Saa wake, azunguke mlango wa mbele, apite hapa nilipo. Na nilifurahi, wasomaji. Kila nilipokanyaga pedali nilijiona nimeshinda.

Furaha yangu ilidumu mpaka saa nne.

Chumba kile kina bati bila dari na dirisha moja tu. Jua likishapanda, bila upepo, kinakuwa tanuri. Na mama mkwe ana pumu. Naandika haya bila kujisafisha: nilijua. Nilijua na nikasahau, kwa sababu wivu ulikuwa umenijaa kichwani, hapakuwa na pa kuweka kitu kingine.

Nilimsikia kabla sijamwona. Kifua chake kilikuwa kinapiga filimbi.

“Mwanangu, nifungulie hilo dirisha.”

“Sasa hivi, mama.”

Nikarudi na chupa ya mafuta ya cherehani. Nikadondosha matone mawili tunduni. Nikaleta sumaku yangu ya kuokotea pini, nikaibandika pale. Haikuvuta kitu, ufunguo wa shaba na sumaku havijuani. Nikaleta sindano ndefu ya mkono, nikajaribu kukichokoa kile kipande.

Sindano nayo ikakatika. Ikabaki humo humo.

“Nini hicho?” mama akauliza.

“Si kitu.”

“Mbona umelia?”

“Sijalia.”

“Basi ni mimi ninayelia,” akasema, akakohoa mpaka mishipa ya shingo ikamtoka.

Nikampa dawa yake ya kuvuta. Akavuta mara moja, mara ya pili ikatoa hewa tupu. Imekwisha. Nikampigia simu fundi wa vitasa. “Niko safarini, mama, mpaka kesho.” Kesho!

Kumtoa peke yangu nisingeweza. Mama mkwe ana mwili wa haja, na mguu wake ulikuwa ndani ya plasta mpaka kwenye paja.

“Vunja kioo,” akasema.

“Kitakumwagikia usoni, mama. Kitanda kiko chini yake.”

“Basi mwite Dada Saa.”

“Hapana.”

Lilinitoka kabla sijalifikiria. Mama mkwe akanitazama. Wagonjwa wa kifua wana macho makali sana.

“Mmegombana?”

“Hatujagombana.”

“Basi unaniitia, au nimwite mwenyewe?”

Hakungoja jibu. Alichukua fimbo yake kando ya kitanda, akakigonga kile kioo cha ukungu. Gogogo! Upande wa pili nikaona kivuli kikiinuka mezani.

Dakika moja baadaye yule mwanamke alikuwa mlangoni kwangu, na kisanduku cha vifaa mkononi.

“Hodi. Mama ana nini?”

Nilitaka kusema karibu. Nikasogea tu, akapita.

Niwaambie ukweli: si mrembo wa kutisha. Ananizidi umri, na kanga yake ilikuwa na doa la mafuta. Hilo ndilo lililoniuma zaidi. Angekuwa mrembo ningejua nimeshindwa na nini.

Akamwinua mama, akamwegemeza kwenye mito, akamfungua kifungo cha shingoni. Mama akamshika mkono. “Mwanangu,” akamwambia. Mwanangu! Neno langu hilo, nalo limeshagawiwa.

Dada Saa akapanda kitandani, akaweka jichoni kile kioo cha mafundi saa, akachungulia.

“Humu kuna vitu viwili.”

“Ufunguo na sindano,” nikasema, nikawa mdogo kama kidonge cha piritoni.

“Una sumaku?”

Nikampa. Akaigusisha kwenye ncha ya bisibisi lake jembamba, akaingiza, na sindano ikatoka taratibu kama mtoto mtiifu. Nusu saa nzima ilikuwa imenichezea mimi. Kwake ilitoka kwa mguso mmoja.

“Sasa huu ufunguo,” akasema. “Ulikuwa unafunga au unafungua?”

“Kwa nini?”

“Umevunjika katikati ya mzunguko. Ukiwa umelala hivi hautoki. Lazima nikirudishe hiki kipande kilikoanzia, ndipo nikivute.”

“Nilikuwa nafunga.”

“Asubuhi yote hii? Na mgonjwa wa pumu ndani?”

Ningeweza kurudia habari ya mbu. Lakini nilikuwa nimechoka, na kifua cha mama kilikuwa kinapiga filimbi katikati yetu.

“Nilikuwa nakufungia wewe,” nikasema.

Bisibisi likasimama.

“Mimi nimefanya nini?”

“Mume wangu anakuangalia kila asubuhi. Unadhani mimi kipofu?”

Mama mkwe akafumba macho. Dada Saa akakitoa kile kioo jichoni, akakifuta kwa upindo wa kanga.

“Dada yangu,” akasema, “mumeo haniangalii. Hanioni.”

“Hakuoni vipi? Hatua tatu!”

“Ananisikia. Akitazama kitu katikati anaona weusi. Pembeni ndiko anakoona kidogo, vivuli tu. Ndiyo maana anageuza kichwa anapozungumza. Hukugundua?”

Nilikuwa nimegundua. Nilidhani ni madaha.

“Mwaka sasa,” akaendelea. “Herufi za vibao namkatia mimi, za karatasi ngumu. Anazibandika ukutani, anapaka kwa kupapasa. Zile bahasha ninazompa dirishani ni herufi.”

Bahasha! Bahasha nilizozilia usiku na mchana, nikidhani ni barua za mapenzi. Mume wangu alikuwa anapewa A na B.

“Uongo,” nikasema.

“Si uongo,” mama mkwe akasema, macho bado kafumba. “Nilimwambia akueleze. Hakutaka.”

Nikamgeukia. “Na wewe ulijua, mama?”

“Mimi ndiye niliyemzaa.”

Nikakaa chini, sakafuni, kwenye viatu vya mume wangu. Nyumba nzima ilijua. Uchochoro ulijua. Mimi ninayelala naye kitanda kimoja, ninayemkatia kucha, ndiye nisiyejua.

“Kwa nini yeye?” nikauliza. “Kwa nini akamwambia yeye, si mimi?”

Dada Saa akarudi kwenye kitasa, kana kwamba swali halikumhusu. Mama mkwe ndiye aliyesema, na alilisema kwa vipande, akivuta pumzi kati ya neno na neno.

“Siku ya kumzika baba yako. Ulisema mwenyewe.”

Wasomaji, baba yangu alikufa kipofu. Nilimuuguza miaka sita. Nilimlisha, nilimwogesha, nilimpeleka chooni, na alikuwa mkali, kila kitu kilikuwa kosa langu, hata giza lake. Siku ya mazishi, wakati tunaosha vyombo, nilisema mbele za watu: “Sitamshika tena kipofu mkono, awe nani, awe nani.” Wanawake walicheka. Nikacheka nami.

Mume wangu alikuwa nyuma yangu, amebeba viti.

Nilisema. Sikatai.

Pale juu kitandani kitasa kikalia, klik. Dada Saa alikuwa amekirudisha kile kipande nyuma kwa ncha ya bisibisi. Akasukuma dirisha. Likafunguka, na hewa ikaingia kwa mkupuo mmoja mpaka shuka ikapepea.

Mama mkwe akavuta pumzi. Nyingine. Nyingine tena. Tulikuwa tunazihesabu.

Kisha yule mwanamke akachukua wembe wa msumeno mwembamba kama uzi, akaupitisha kando ya ufunguo, akanasa meno yake, akavuta. Kikatoka kipande kidogo kama punje ya mchele. Akaniwekea kiganjani.

“Asante,” nikasema.

“Usinishukuru mimi. Zungumza na mumeo.”

Hapo ndipo mngetegemea niseme wivu uliniisha. Hata kidogo. Ulibadilika tu, ukawa mbaya zaidi. Wivu wa sura ya mtu una mwisho. Unajipaka poda, unanunua gauni, unatulia. Huu ulikuwa mwingine. Mume wangu alikuwa na jambo moja kubwa maishani mwake, la kutisha kuliko yote, akatafuta mtu wa kumpa alibebe. Akanipita mimi, akavuka uchochoro.

Nilimtazama yule mwanamke akifuta vifaa vyake kimoja kimoja, nikatamani angekuwa mwizi wa mume wa kawaida. Huyo ningejua la kumfanya.

“Dawa ya mama imekwisha,” akasema. “Naenda duka la dawa mara moja, baiskeli yangu ipo. Wewe nikalie mezani. Saa za watu ziko wazi, zimefumuliwa. Usiguse kitu.”

“Na mama?”

“Dirisha si liko wazi? Utamwona ukiwa pale pale.”

Nikatoka. Nikavuka uchochoro. Nikakaa kwenye kigoda chake.

Sijawahi kulitazama dirisha letu kutoka upande ule. Kitanda kinaonekana chote, na mto, na ukingo anapokaa mume wangu. Mama mkwe alikuwa ameshasinzia, mdomo wazi. Mbele yangu saa za watu, zimefunuliwa matumbo. Pembeni, karatasi ngumu na mkasi, na herufi iliyokatwa nusu. Nikaishika. Imekatwa vizuri. Mimi nimekata vitambaa miaka ishirini. Mkasi wangu ungeikata vizuri zaidi.

Angeniambia tu.

Nikasikia nyayo.

Mume wangu alikuwa anakuja kutoka upande wa barabarani, mapema kuliko siku zote, ndoo mkono mmoja. Mkono wa pili ulikuwa unapita ukutani. Siku ngapi ameupitisha mkono huo ukutani nami nikidhani anapima rangi?

Nikataka kuinuka. Nikabaki na ile herufi mkononi.

Alikuja moja kwa moja mpaka mezani. Akasimama, akageuza kichwa pembeni kidogo, kule anakoona vivuli. Akaona mtu kwenye kigoda.

“Dada,” akasema.

Hakuniita mke wangu. Aliniita dada.

Wasomaji, ningesema neno moja tu. “Ni mimi.” Maneno mawili. Ningeyasema, haya ninayowasimulia yasingetokea. Lakini nilitaka kusikia. Miezi yote nimejibanza nyuma ya milango nikiokota maneno nusu nusu, na sasa mlango wenyewe umenifungukia. Nikanyamaza. Nikaguna tu, “Mh.”

“Kazi wameninyang’anya,” akasema kwa sauti ya chini. “Nimeandika jina la duka. Herufi moja nimeibandika mara mbili. Mwenye duka akaniita mlevi, mbele ya watu. Bora mlevi. Sikumkatalia.”

Akaweka ndoo chini. Alikuwa na rangi ya bluu kwenye kope. Nilitamani kuifuta.

“Yuko ndani?” akauliza. “Simsikii kwenye cherehani.”

“Mh.”

“Basi zungumza polepole. Kaka amejibu.”

Akatoa karatasi mfukoni, imekunjwa mara nne. “Dereva wa lori ameniletea sasa hivi. Nilimwambia kaka asipige simu, maana simu anapokea mke wangu. Nisomee, dada. Upesi, kabla hajatoka.”

Akaisukuma mezani. Ikagusa saa ya mtu, ikatikisika.

Nikaichukua. Nikaifungua. Mwandiko wa shemeji yangu, huyo kaka yake, ninaujua, herufi kubwa kubwa, kama wa mtu anayepiga kelele. Niliisoma kwanza kimya kimya.

“Mdogo wangu. Chumba kipo, na cha mama kipo. Lori litapita hapo Jumamosi asubuhi, mapema, mkeo akiwa amekwenda kununua vitambaa. Nyumba mwachie yeye pamoja na vyombo. Usimwambie mpaka ufike, maana akilia hutaondoka, nakujua. Ni mwanamke mwema, ameshauguza kipofu mmoja, hastahili wa pili.”

Ilikuwa Alhamisi.

Machozi yalinijaa. Niliwaza kuinuka, nimshike mkono hadharani, pale pale uchochoroni, kila mtu aone. Niliwaza nitakavyosema: nilisema mimi siku ile kwa uchovu, nisamehe. Nilikuwa nimeshaufungua mdomo.

Nikaona karatasi imeandikwa na nyuma. Nikaigeuza.

Kulikuwa na mstari mmoja tu.

“Na huyo Dada Saa, mwambie asibadili nia mliyokubaliana. Chumba chake nacho nimekwisha kukipaka rangi.”

Niliusoma mara mbili. Mara ya tatu herufi zikaanza kunichezea, nikadhani macho yangu nayo yameanza.

“Vipi?” mume wangu akauliza. Aliinama mbele, uso wake karibu na wangu, kama alivyokuwa akiinama dirishani kila asubuhi. “Anasemaje?”

Mwisho wa uchochoro baiskeli ikachomoza. Yule mwanamke alikuwa amerudi, mfuko wa dawa ukining’inia kwenye usukani. Alituona. Akashuka, akasimama hapo alipo, hakuja mbele wala hakurudi nyuma.

“Soma basi, dada,” mume wangu akasema. “Soma nisikie.”

Nikainyoosha karatasi juu ya meza, kwa viganja viwili, kama ninavyonyoosha kitambaa kabla sijakikata. Nikamtazama yule pale na baiskeli yake, nikamtazama huyu hapa na kope zake za bluu.

Kisha, kwa sauti yangu mwenyewe, sauti anayoijua miaka kumi na moja, nikaanza kumsomea. Nilianza na upande wa nyuma.